Kufundisha Maadili katika Gredi za Chini: Kushusha Maneno kutoka Ukutani

Katika madarasa mengi ya shule za msingi hapa Kisumu utakuta ukutani karatasi ya manila iliyoandikwa upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo na uadilifu, maneno yaliyotoka katika mtaala wa umilisi (CBC) ulioanza kutekelezwa kote nchini Kenya mwaka wa 2019. Watoto huyasoma kwa sauti moja hadi mabati yakavuma, kisha mapumziko yakifika, wawili hung'ang'ania kifutio mpaka shati likachanika. Karatasi yenyewe haina kosa. Kinachokosekana ni njia ya kulifikisha neno mikononi mwa mtoto wa miaka 8, na hayo yafuatayo ndiyo ambayo yamenifaa katika kufundisha Gredi ya 3.

Chagua neno moja kwa wiki mbili, kisha uligeuze kuwa tendo linaloonekana kwa macho. Mtoto wa umri huo hajui la kufanya na neno "uwajibikaji", lakini anaelewa vyema kwamba wiki hii safu ya dirishani ndiyo inayofuta ubao, na safu ya mlangoni ndiyo inayojaza mtungi wa maji ya kunawa mikono. Kazi ikiachwa, usikimbilie kuwafanyia. Mtungi ukikutwa mtupu wakati wa uji, uliza kwa upole ni zamu ya nani, kisha safu hiyo iende mferejini huku wenzao wakisubiri na uji ukiendelea kupoa. Hakuna hotuba ya mwalimu itakayowakumbusha zamu yao kuliko macho ya wenzao hamsini wenye njaa.

Kwa upande wa uadilifu, kifaa bora nilichowahi kutumia ni katoni tupu ya sabuni niliyoiweka juu ya kabati, ambamo kila kilichookotwa hutiwa: penseli, rula, kifutio, kitufe cha sweta, na siku moja sarafu ya shilingi 20 iliyookotwa chini ya dawati. Jioni, kabla ya kengele, tunaifungua mbele ya wote, na anayedai kitu hueleza alama yake, kwa mfano penseli iliyotafunwa upande wa nyuma au rula iliyochorwa nyota. Mwanzoni nilifanya kosa la kumpa biskuti kila aliyeleta kitu. Baada ya siku nne katoni ilikuwa imefurika, na nilipochunguza nikagundua kwamba kijana mmoja alikuwa akiitupa penseli yake mwenyewe chini ya dawati, anamwomba rafiki aiokote, kisha wanagawana biskuti. Tangu hapo thawabu ni mwenye kitu kumwambia aliyekiokota "ahsante" huku akimtazama usoni, na inatosha.

Sehemu ngumu zaidi ni ugomvi, na hapo ndipo mwalimu hupimwa kuliko mwanafunzi. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 kinapiga marufuku kumpiga mwanafunzi pamoja na kumtesa kisaikolojia, na hilo la pili ndilo tunalolisahau tunapomsimamisha mtoto mbele ya darasa na kumwita mwizi. Mimi nimewahi kulifanya. Pesa za safari ya darasa zilikosekana mezani, nikamkazia macho msichana aliyekuwa amekaa karibu, akalia hadi saa sita, na baadaye nikazipata zimeteleza ndani ya rejista yangu mwenyewe. Kesho yake nilisimama pale pale nilipomshutumu, nikaliambia darasa kwamba nilikosea, nikamwomba radhi kwa jina lake. Darasa lilinyamaza kwa muda mrefu. Kabla ya wiki hiyo kwisha, watoto watatu walinijia kwa hiari yao kukiri makosa madogo madogo ambayo hata sikuwa na habari nayo.

Tangu siku hiyo, mimi huwaketisha wagombanao pembeni na kuwauliza maswali matatu kwa utaratibu ule ule: ni nini kilichotokea, ni nani aliyeumia, na tutarekebisha vipi. Kila mmoja hueleza bila kukatizwa, na mimi sitoi hukumu mpaka swali la tatu lijibiwe na wao wenyewe. Aliyechana shati huomba sindano na uzi kwa mwalimu wa ushonaji na kulishona. Mshono huwa mbaya ajabu, lakini mwenye shati huuvaa kwa fahari.

Hadithi zina nafasi yake, ila zisomwe kwa uangalifu. Sungura wetu, anayeitwa Apuoyo kwa Kijaluo, hushinda kwa kudanganya, na watoto humpenda kwa sababu hiyo hasa. Usilazimishe funzo mwishoni. Simamisha hadithi pale Sungura anapomhadaa Fisi, uwaulize kama wangependa kuwa na jirani kama huyo, kisha uwaache wabishane, hata kwa lugha ya nyumbani iwapo Kiswahili kitawakwamisha. Mara nyingi kundi moja husema Fisi alistahili kwa ulafi wake, na jingine husema hata mlafi hapaswi kudanganywa. Mjadala huo una thamani kuliko jibu lolote ambalo ningewapa.

Umoja nao hufundishwa kwa kupanga viti. Wenzangu wanaofundisha Nakuru, ambako wazazi wengi bado wanaikumbuka ghasia ya baada ya uchaguzi wa 2007, huhakikisha kwamba makundi ya kazi yanabadilishwa kila mwezi ili mtoto asizoee kuketi na wale tu wanaozungumza lugha ya mama yake.

Mzazi ahusishwe bila kugharamika, kwa kuwa malalamiko mengi kuhusu mtaala huu yamekuwa juu ya vitu vya kununua. Mimi huomba jambo moja tu: mtoto atumwe dukani, arudishe chenji yote, na mzazi aihesabu mbele yake. Mlezi mmoja anayeuza omena karibu na ufuo wa Dunga aliniambia kwamba sasa mjukuu wake ndiye anayemkumbusha kuwahesabia wateja chenji zao.

Mwisho ni kuweka kumbukumbu. Kusoma na kuhesabu kunaweza kutajwa kuwa kumefikia matarajio au kuko mbali na matarajio, lakini sipendi kumpa mtoto kiwango cha upole. Nina daftari dogo ambamo kila siku naandika majina manne na tendo moja la kila mmoja, kwa mfano "amemsogezea mwenzake benchi bila kuambiwa". Kwa darasa la watoto 60, siku 15 za masomo zinatosha kumfikia kila mtu. Wiki ya tatu inapokwisha, huwa nalifungua na kutafuta jina ambalo halina mstari, na huyo ndiye ninayeketi karibu naye kesho yake wakati wa uji.