Kibaraza cha msimu: jinsi ya kubuni sehemu ya kulia nje kwenye barabara kuu ya mjini

Mwenye mgahawa atakuuliza kwanza, "Zitaingia meza ngapi?" Mwambie asubiri. Barabara ina wenyewe waliomtangulia: waenda kwa miguu, maji ya mvua, zimamoto na magari ya kushusha mizigo. Wakishachukua haki yao, kinachobaki ndicho kibaraza.

Hatua ya 1: Pima barabara kwanza

Chukua futi kamba, chaki na pima maji. Weka kwenye mchoro kila kilichopo: milango, nguzo za taa, miti, bomba la zimamoto, kituo cha basi, matundu ya mtaro, mifuniko ya chemba. Chemba usiifunike, hata kwa kipande cha sakafu kinachofunguka. Kikinyeshewa msimu mmoja ubao huvimba, na siku mafundi wa maji wakija wataking'oa kwa mtaimbo.

Njia ya miguu ipime pale ilipo nyembamba kuliko kote. Acha mita 1.8 wazi, zilizonyooka, ili viti viwili vya magurudumu viweze kupishana. Kanuni za halmashauri hutofautiana, kwa hiyo ziombe kabla hujachora chochote.

Nafasi isipotosha, shuka kwenye maegesho. Gari moja lililoegeshwa sambamba na ukingo huchukua takribani mita 2 hadi 2.4 kwa mita 6. San Francisco, mwaka 2005, wabunifu fulani walilipia nafasi moja ya maegesho, wakatandika nyasi, wakaweka benchi na mti kwa saa mbili. Vibaraza vingi vya maegesho tunavyoviona leo vina asili hapo.

Hatua ya 2: Sakafu na maji

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo usiwe na haraka.

Sakafu iwe sawa na ukingo wa njia ya miguu, na pengo kati yao lisizidi sentimita 1.3, la sivyo gurudumu dogo la kiti litanasa. Lami huteremka kuelekea ukingo. Tuseme ukingo una kimo cha sentimita 15, na lami inateremka kwa asilimia 2: kwenye upana wa mita 2 hiyo ni tofauti ya sentimita 4. Vihimili vya upande wa ukingo basi vitainua sakafu sentimita 15, na vya upande wa magari sentimita 11. Barabara yenyewe nayo ina mteremko wake wa urefu. Tumia miguu ya skrubu inayorekebishika, kwa sababu vipande vya mbao vilivyochomekwa chini huhama.

Maji yanayopita kando ya ukingo yasiguswe. Usiweke kihimili chochote kwenye njia yake, ziba ncha zote mbili kwa wavu wa kuzuia majani na panya, na acha mfuniko wa kuingiza mkono wa kusafisha. Kabla ya kufunga fito za sakafu, mwaga ndoo ya maji upande wa juu usimame uangalie yanatokea wapi. Fito zenyewe ziachiane nusu sentimita ili mvua ipite.

Jenga kwa vipande ambavyo watu wawili wanaweza kubeba, viunge kwa bolti zisizoshika kutu, na andika namba chini ya kila kimoja. Lami usiitoboe.

Hatua ya 3: Upande wa magari

Weka masanduku ya maua yenye kimo cha kama sentimita 90, na vibao vya kuakisi mwanga kwenye kona. Ncha inayotazama magari yanayokuja iwekee kizuizi cha gurudumu, kama mita 1.2 kabla ya sakafu. Karibu na makutano panda vitu vifupi, dereva aone anayevuka.

Sanduku la mita moja, upana sentimita 40 na kina 60, likijaa udongo mbichi hupita kilo 350. Liweke juu ya lami, kamwe si juu ya sakafu. Ndani yake weka ndoo kadhaa zenye mimea, ili siku ya kuhama usibaki na udongo wa kuchota kwa koleo.

Kamba za mapambo upande wa njia ya miguu sizipendi. Fimbo ya asiyeona hupita chini yake, na yeye hugundua kamba kwa kiuno. Weka ubao wa chini karibu na ardhi.

Hatua ya 4: Sasa meza

Kibaraza cha mita 2 kwa 6 hubeba watu wanane hadi kumi. Meza za sentimita 60 kwa 60 hutosha wawili na huungika. Mhudumu mwenye sinia anahitaji sentimita 90. Angalau meza moja iwe na uwazi wa magoti wa sentimita 70, na mbele yake duara la mita 1.5 la kugeuzia kiti. Mwavuli usitokeze upande wa magari, na kipasha joto cha gesi kisikae chini ya kitambaa chake.

Hatua ya 5: Kubomoa

Pima mlango wa stoo kabla ya kukata boriti ya kwanza. Msimu ukiisha, fungua vipande kwa kufuata namba, vikaushe, vipange kwa kuweka fito katikati ili hewa ipite. Bolti zitie kwenye kopo moja na ulifunge kwenye kipande namba 1. Kisha fagia mtaro, upige picha ya lami ilivyo, uiambatanishe na kibali.