Somo: Kuchagua sensa za upepo wa tairi kwa Coaster ya kulala (soma kabla ya kuniuliza)

Wiki hii nimeulizwa mara tano: nifunge sensa gani za upepo (vidude vinavyopima upepo wa kila tairi na kuutuma kwenye skrini mbele ya dereva) kwenye kampa? Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamrudisha kwenye uzi huu.

Gari langu ni Toyota Coaster iliyogeuzwa nyumba: kitanda, jiko la gesi, tangi la maji. Nyuma matairi ni dabo, mawili kila upande, la ndani na la nje, na hapo ndipo penye hatari. Tairi la ndani likiisha upepo husikii kitu. Usukani uko sawa, gari halilali upande. La nje linabeba mzigo wa mawili, linachemka, na mwisho unayapoteza yote.

1. Hesabu matairi. Sita na spea, saba. Usinunue seti ya sensa nne.

2. Angalia mwisho wa kipimo. Seti nyingi za gari dogo haziufikii upepo wa tairi la Coaster iliyojaa maji na mizigo. Pima gari kwenye mizani likiwa limepakia, kisha fuata jedwali la mtengenezaji wa tairi.

3. Za ndani au za kofia? Za ndani hazionekani wala haziibiwi, ila lazima tairi livuliwe, na betri ikifa unavua tena. Tairi lenye tyubu haliziwezi. Mimi natumia za kofia, zinazofungwa juu ya valvu, na betri nabadilisha mwenyewe.

4. Valvu. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilifunga sensa za kofia juu ya valvu za mpira zilizokuwa na miaka kadhaa. Safari ya Dodoma kwenda Singida, tumeshaipita Manyoni, skrini ikaanza kulia: tairi la ndani kushoto, kutoka psi 70 (psi ndicho kipimo cha upepo) hadi 63. Nikasema sensa ni mpya, haijazoea. Ikafika 55, bado natafuta kivuli cha kusimama. Nilipoingiza mkono kati ya matairi nikakuta mpira wa valvu umechanika shingoni nusu mzunguko, sensa inachezacheza juu yake kama jino la mtoto. Uzito wa sensa ulikuwa ukiuvuta mpira kila gurudumu linapozunguka. Tairi hilo nililitupa. La nje lilivimba ubavuni wiki iliyofuata, nalo likaenda.

Kwa hiyo: weka valvu za chuma za kufunga kwa nati KABLA ya kufunga sensa. Tairi la ndani liwekewe valvu ndefu ya chuma, si bomba la mpira linaloning'inia. Ukishafunga, paka maji ya sabuni shingoni na kwenye shina la valvu, subiri dakika nzima. Povu likichemka hata kidogo, fungua urudie. Na mlio wa kwanza uuamini: simama pembeni, pima kwa geji ya mkono.

5. Ripita, yaani kifaa kinachodaka mawimbi ya sensa na kuyasukuma hadi kwenye skrini. Bodi ni ndefu na ni ya chuma, mawimbi ya nyuma hayafiki vizuri. Ifunge karibu na ekseli ya nyuma.

6. Kuweka viwango. Asubuhi, gari likiwa limelala, kabla jua halijapiga upande mmoja. Kwa psi 70 mimi naweka mlio wa chini 60, wa juu 87. Sabini ya asubuhi kufika 80 mchana barabarani ni kawaida, usitoe upepo tairi likiwa la moto.

MASWALI

Dereva wa Iringa: Mkuu, ninayo seti ya nne. Nyuma nikifunga za nje tu si inatosha?

Jibu: Hapana. Rudia aya ya dabo.

Kijana wa Mbezi: Bei gani, na wapi?

Jibu: Bei zinabadilika. Nenda dukani ukijua idadi, mwisho wa kipimo na aina ya valvu zako, la sivyo utauziwa kilichopo.

Mama Safari: Kaka, nimetoka Dar, nimelala ukingo wa kreta Ngorongoro. Asubuhi matairi yote yamepungua psi 5. Yanavuja?

Jibu: Dada, umeuliza vizuri. Yakishuka yote pamoja kwa kiasi kilekile, hiyo ni baridi. Tairi la psi 70 hupoteza karibu 3 kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi. Huko uko zaidi ya mita 2,200, na mwinuko hufanya kinyume: hewa ya nje ni nyepesi, geji ya mkono husoma juu kidogo. Kuna sensa zinazopima kana kwamba bado uko pwani, kwa hiyo linganisha na geji. Usiongeze hapo, ukishuka Mto wa Mbu utakuwa umezidisha. Likishuka moja peke yake, hilo ndilo la kulikagua.

Mzee wa Lori: Tumieni nati za kufuli, stendi wanachomoa sensa.

Jibu: Asante mzee wangu. Ila spana yake ndogo iwe garini. Ukifika kwa fundi pancha saa nne usiku bila hiyo, hujazi upepo.

Kijana wa Mbezi: Ikilia naweza kuzima mlio nikasimama mbele?

Jibu: Hapana. Nimeshaeleza yaliyonikuta Manyoni.

Mama Safari: Na nikipunguza upepo kwa ajili ya mchanga?

Jibu: Italia muda wote, ni sawa. Wewe soma namba, nenda polepole, jaza kabla ya kurudi lami. Coaster nyingi za dizeli ni volti 24, kwa hiyo soma volti kwenye kibandiko cha kompresa ya kujazia upepo kabla ya kuichomeka.