Swala wanapopungua, anza kwa kuhesabu watoto

Kila ukame unapopita katika nyanda za Longido, Monduli na Siha, lawama huanza upya. Mfugaji anamlaumu mwindaji, mwindaji anamlaumu fisi, mkulima anawalaumu wote wawili, na wote kwa pamoja wanailaumu serikali. Kila mmoja ana kipande chake cha ukweli, ila mara nyingi hakuna hata mmoja aliyehesabu kitu.

Ushauri huu ni wa mwindaji mwenye leseni, pamoja na mfugaji na mkulima anayeishi jirani na wanyama, kwa sababu kundi likishashuka mwindaji peke yake hawezi kuliinua. Asiye na leseni aelewe mapema: chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, kuwinda bila kibali ni kosa la jinai, hata kama mnyama amelala katikati ya mahindi yako. Akikuharibia shamba, wa kuitwa ni afisa wanyamapori wa wilaya.

Hesabu ya kundi

Swala pala jike hubeba mimba miezi sita na nusu hivi, na huzaa mtoto mmoja. Mapacha ni nadra mno. Tuchukue mfano wa hesabu tu: kundi lina majike 100 na wote wamezaa. Nusu ya watoto wanakufa kabla ya kutimiza mwaka, jambo ambalo porini halishangazi. Wanabaki 50, na kati yao majike ni 25. Katika mwaka huohuo chui, fisi, maradhi na uzee vimeondoa majike wakubwa 20. Faida ya mwaka mzima ni majike watano. Mwindaji akiondoa majike kumi, kundi limeshuka, na huo ulikuwa mwaka wa mvua nzuri. Ukija ukame, wakapona watoto 20 badala ya 50, kundi linashuka hata kama hakuna risasi iliyolia.

Hapa ndipo ushauri wa mtandaoni unapopotosha. Vijana wengi wanaangalia video za Marekani ambamo wawindaji wanahimizwa kupiga majike wa kulungu ili kundi lisizidi. Kwao ni sawa. Kulungu mwenye mkia mweupe akila vizuri huzaa mapacha, na katika majimbo mengi wanyama wakubwa waliokuwa wakimla waliondolewa zamani, kwa hiyo wanajaa hadi wanamaliza miche ya misitu na kugongwa barabarani. Mimba yake ni siku 200 hivi, karibu sawa na ya swala pala. Tofauti ni kwamba yeye anaangusha wawili, wetu anaangusha mmoja, na huyo mmoja anasubiriwa na chui, duma, fisi, bweha na chatu. Kanuni ya jimbo la Marekani kama Pennsylvania haifai Longido. Na hata hukohuko Marekani, kulungu wakianza kupungua, leseni za kupiga majike ndizo zinazopunguzwa kwanza.

Kulisoma kundi

Chagua mahali pamoja ambapo wanyama hujitokeza: lambo, korongo, au ukingo wa mbuga. Nenda jua linapochomoza, ukae upande ambao upepo hauwapelekei harufu yako, na mwaka unaofuata urudi mahali palepale, mwezi uleule. Daftari liwe na safu tatu: madume, majike, watoto. Kwa swala pala kazi ni nyepesi kwa sababu dume ana pembe na jike hana. Kwa swala tomi na swala granti kuwa makini: majike nao wana pembe, ila nyembamba, na za tomi jike mara nyingi zimepinda au kuvunjika.

Digidigi hahesabiwi hivyo. Huishi wawili wawili, dume na jike, katika eneo lao dogo ambalo hawalihami, na hunya mahali palepale siku baada ya siku. Zungukia marundo ya kinyesi chao: rundo lenye kinyesi kibichi lina wenyewe, rundo lililokauka na kuota utando wa buibui limeachwa. Mzee aliyechunga mbuzi katika kichaka hicho tangu utotoni atakuonyesha yote kwa asubuhi moja.

Sasa soma ulichoandika. Majike wengi na watoto wachache, tatizo liko kwenye malisho, ugonjwa au mbwa, na bunduki si mshtakiwa wa kwanza. Watoto wapo wa kutosha lakini wakubwa wanazidi kupungua, tafuta mitego ya nyaya na milio ya bunduki usiku. Wamebaki madume wa pembe fupi tu, basi watu wanachagua pembe kupita kiasi. Na kama wametoweka kwa mkupuo, wakubwa kwa wadogo, huenda hawajafa kabisa: njia yao imezibwa. Nenda ukaangalie uzio gani mpya umejengwa na shamba gani jipya limefunguliwa.

Kwa nini watoto hawakui

Mfano mkubwa uko jirani zetu, Simanjiro. Mvua zinapoanza, nyumbu wa Hifadhi ya Tarangire hutoka hifadhini kwenda kuzaa katika mbuga za wazi za huko, na wengine hupanda kaskazini kuelekea Gelai na Ziwa Natron. Hawaendi kutembea. Nyasi za Simanjiro zina fosforasi nyingi kuliko za ndani ya hifadhi, na jike anayenyonyesha anaihitaji kwa maziwa na kwa mifupa ya mtoto. Mbuga zilipolimwa maharage na mahindi, njia zikabanwa na ujangili ukaongezeka juu yake, nyumbu hao walishuka kutoka makumi ya maelfu mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi maelfu machache mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hifadhi yenyewe haikuwa imepungua hata ekari moja. Mwaka 2005 kijiji cha Terrat kiliingia makubaliano na kampuni za utalii: mbuga ya mazalia isilimwe, ng'ombe waendelee kuchungwa, na kijiji kilipwe kila mwaka. Kwa maoni yangu makubaliano ya namna hiyo yana nguvu kuliko doria nyingi, kwa kuwa yanamwacha mfugaji na malisho yake.

Si lazima kijiji kisubiri kampuni. Wafugaji wa Kimaasai tayari wana alalili, eneo linalofungwa wakati wa mvua ili litumike kiangazi. Alalili inayoheshimiwa humnufaisha swala bila mtu kukusudia, kwa sababu jike hupata nyasi ndefu za kumfichia mtoto katika siku zake za kwanza. Ukimkuta mtoto wa swala amelala peke yake kwenye nyasi, hajatelekezwa; mama yuko karibu. Usimguse, usimbebe nyumbani, na peleka mifugo upande mwingine kwa siku hiyo.

Halafu kuna gugu karoti. Liliripotiwa Arusha mwaka 2010 na tangu hapo limefuata barabara, magari na mizigo ya nyasi. Mahali lilipotawala, nyasi hazioti, na linawasha ngozi na kifua. Ling'oe kabla halijatoa maua, ukiwa umevaa glavu na umefunika pua, lianike likauke ulichome. Ukichelewa hadi limekomaa, unaling'oa na kumwaga mbegu kwa mkono wako mwenyewe.

Kuhusu ugonjwa, historia inatufundisha vizuri kuliko onyo lolote. Sotoka ya ng'ombe iliingia Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, ikaua ng'ombe, nyati na nyumbu kwa pamoja. Ng'ombe walipochanjwa, nyumbu wa Serengeti wakaacha kufa wangali wadogo, na kundi likapanda kutoka takriban 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Hakuna aliyemchoma nyumbu sindano. Mwaka 2011 ugonjwa huo ulitangazwa kutokomezwa duniani.

Leo tuna mdogo wake, sotoka ya mbuzi na kondoo, uliothibitishwa rasmi nchini mwaka 2008, nao huwaambukiza pia wanyama wa jamii ya swala. Dalili kwa mbuzi ni homa, makamasi na machozi mazito, vidonda mdomoni, kisha kuhara na kukohoa. Chanjo ipo, na kinga yake hudumu angalau miaka mitatu, kwa hiyo kinachotakiwa kila mwaka ni kuwachanja watoto wapya na mbuzi walionunuliwa mnadani. Mwindaji asiyefuga naye inamhusu. Kikundi cha wawindaji kinachochangia chanjo ya mbuzi katika kijiji wanakowinda kinawahudumia swala wake kuliko kinachonunua darubini mpya.

Ukikuta mzoga ambao hujui umekufaje, hasa uliovimba haraka na kutoa damu nyeusi isiyoganda puani au nyuma, usiupasue na usiuchune. Kimeta hurudi mara kwa mara katika maeneo yetu na kinaua watu. Zuia mbwa, mpigie afisa mifugo, na nyama iachwe hata kama watoto wana njaa.

Mbwa wanaozurura wanaua watoto wa digidigi na swala tomi kimyakimya, tena mchana. Wapunguze, wachanje kichaa cha mbwa, na wa boma walale bomani. Moto wa kiangazi nao unaondoa maficho yaliyobaki. Anayechoma ili nyasi zichipue achome vipande vidogo, mapema, na apaache penye vichaka.

Mitego

Kitanzi cha waya hakichagui jike, mtoto wala mnyama mwenye mimba, na kinaendelea kuua wakati aliyekitega amekwishasahau. Vingi huwekwa kwenye mianya ya boma la miiba linalozunguka shamba, au kwenye vijia vya kwenda majini. Wakati mzuri wa kuvitafuta ni kiangazi nyasi zikiwa fupi: watu wajipange mstari, hatua chache kati ya mtu na mtu. Nendeni na askari wa wanyamapori wa kijiji, na nyaya zote akabidhiwe yeye. Kurudi nyumbani na furushi la mitego begani, hata kwa nia njema, kutakupa maelezo marefu ya kutoa kituoni.

Upande wa Moshi jambo hili ni zito zaidi. Misitu ya Kilimanjaro ina minde, paa mkubwa mweusi mwenye kishungi chekundu kichwani, ambaye hapatikani nchi nyingine yoyote isipokuwa Tanzania, na yuko hatarini kutoweka. Anayetega waya akitarajia nguruwe pori anaweza kumkuta minde kesho yake, na hapo hakuna la kurekebisha.

Mwenye leseni afanyeje

Apige dume, na dume huyo atoke katika kundi la madume watupu wanaotembea bila majike. Dume anayelinda majike msimu wa kupandana aachwe, kwani akiondolewa wengine hugombana wiki nzima na majike hukimbizwa huku na huku badala ya kula. Digidigi na mbuzi mawe wanaishi wawili wawili, hawana madume wa ziada wa kuonekana. Kichaka kikiwa na jozi chache, leseni isikushawishi.

Usivizie majini. Kiangazi wanyama hawana pengine pa kwenda, na mlio mmoja lamboni unawanyima maji wote walioko nyuma. Usiwinde kwa kurunzi wala kutoka kwenye gari. Sheria inakataza, na gizani huwezi kujua aliyesimama mbele yako ana mimba au hana. Piga kwa umbali ambao ulishaujaribu kwenye shabaha. Ukimjeruhi akapotea, mfuatilie hadi jua lizame, na usipompata mwandike kuwa umemuua, ili mgawo wako, yaani idadi ya wanyama uliyoruhusiwa, uhesabike kwa haki. Wengi hawafanyi hivi, ndiyo maana takwimu za uwindaji huonekana nzuri kuliko mbuga yenyewe.

Na mwaka mwingine asipige kabisa. Kipimo changu ni cha tahadhari kubwa, wengine watakiona kikali: mwisho wa masika, majike kumi wakiwa na watoto chini ya watatu, bunduki ibaki nyumbani msimu huo. Nyama ya hamu itafutwe katika bucha la nyamapori lenye kibali, biashara iliyowekewa kanuni mwaka 2020, na uombe stakabadhi.

Daftari lako lisiishie kwako. Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, TAWIRI, yenye makao yake hapahapa Arusha, huhesabu wanyama wakubwa kwa ndege, na ndege huona pofu, nyumbu na pundamilia katika mbuga za wazi. Digidigi aliye chini ya mgunga haonwi na ndege yoyote, wala watoto wa swala pala waliojificha kwenye nyasi. Peleka nakala kwa afisa wanyamapori wa wilaya, au kwa jumuiya ya hifadhi kama kijiji chako kiko ndani ya eneo kama Enduimet, kabla mgawo wa msimu haujapangwa. Andika tarehe, jina la lambo au korongo, hali ya nyasi, na majina ya waliohesabu. Wahesabu wawe wawili, mmoja mfugaji na mmoja mwindaji, ili kikaoni asitokee wa kusema kwamba mwenzake amejihesabia anachokitaka.