Jinsi ya Kuandaa Orodha ya Machapisho ya Mtafiti wa Saratani na Kupima Yanavyonukuliwa

Mtafiti akiomba ruzuku au kupandishwa cheo, huulizwa ana machapisho mangapi na yamenukuliwa kiasi gani. Wengi hukimbilia kunakili namba iliyo kwenye wasifu wao wa Google Scholar, mtambo wa Google wa kutafuta makala za kitaaluma. Iache kwanza. Kazi inaanzia kwenye jina, na wote niliowasaidia tulifuata mtiririko huu.

1. Fungua ORCID, kitambulisho cha mtandaoni cha watafiti. Ni bure, na namba yake ya tarakimu 16 ni yako hata ukihama chuo au kubadili jina.

2. Tenganisha majina. Saa zote huishia hapa, hasa kwa mwenye jina la ukoo linalotumiwa na watu wengi.

Nenda PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, andika Wang L[au]; [au] humaanisha mwandishi. Utaletewa kina Wang L, Wang LJ, Wang LM na wengineo, kwa kuwa mtambo huongeza wenyewe herufi za nyuma. Ukiweka alama za kunukuu, yaani "Wang L"[au], atabaki Wang L peke yake. Orodha fupi isikuridhishe: mtu huyohuyo huenda aliandikwa Wang L kwenye jarida moja na Wang LJ kwenye jingine, kwa hiyo tafuta kwa namna zote, pamoja na jina la kabla ya ndoa kama lipo. Majina kamili nayo yameingizwa kwa makala za kuanzia 2002 tu.

Wengine huchuja kwa jina la taasisi. Mimi sipendi kuanza hivyo. Kwa makala za kabla ya 2014, PubMed kwa kawaida ilihifadhi anwani ya mwandishi wa kwanza pekee, kwa hiyo aliyekuwa mwandishi wa katikati kwenye utafiti mkubwa wa mwaka 2009 atapotea. Tumia waandishi wenza. Ukikuta makala ya virusi vya HPV na saratani ya mlango wa kizazi, kisha inafuata ya upasuaji wa mtoto wa jicho, fungua zote mbili utazame aliandika na nani. Kundi la watu walewale likijirudia, umempata mtu wako.

Angalia pia majaribio makubwa ya tiba. Mara nyingi majina ya madaktari wa vituo huorodheshwa kama wachunguzi washiriki, si waandishi. PubMed huwatafuta kwa alama ya [ir]. Heshima yao ni ya kweli, ila makala za namna hiyo ziweke kwenye orodha ya peke yake.

Kwenye Google Scholar, zima uongezaji wa makala wa moja kwa moja. Uache utume barua pepe, uamue mwenyewe.

3. Hamishia kwenye jedwali ukiwa na DOI (utambulisho wa kudumu wa makala mtandaoni) na PMID (namba yake ndani ya PubMed) za kila makala, kisha ziingize ORCID.

4. Safisha. Rasimu iliyowekwa bioRxiv au medRxiv, tovuti za makala ambazo bado hazijapitiwa na wataalamu wa jarida, na makala iliyotokana nayo ni kazi moja. Muhtasari wa mkutano wa ASCO, chama cha Marekani cha madaktari wa saratani, hutoka kwenye nyongeza ya Journal of Clinical Oncology, na mtu akiuona anaweza kudhani ni makala kamili. Uandike kuwa ni muhtasari. Angalia pia makala zilizofutwa kwenye hifadhidata ya Retraction Watch, ambayo Crossref, shirika linalosajili DOI, iliinunua 2023 na kuifungua kwa wote.

5. Sasa hesabu. Fahirisi ya h, iliyopendekezwa na Jorge Hirsch mwaka 2005, ikiwa 20 maana yake una makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa walau mara 20. Hifadhidata za Scopus na Web of Science, pamoja na Google Scholar, hutoa namba tofauti, kwa hiyo taja chanzo na tarehe. Fahirisi hii haishuki, na humbeba aliyekaa muda mrefu. Kwa mtafiti kijana napendelea iCite, zana ya mtandaoni ya NIH (taasisi za taifa za afya za Marekani): kipimo chake cha RCR hulinganisha makala na uwanja wake, na 1.0 ni sawa na makala ya katikati kati ya zilizofadhiliwa na NIH.

Usiandike kabisa kipimo cha jarida (impact factor), yaani wastani wa jinsi makala za jarida zinavyonukuliwa. Jarida la CA: A Cancer Journal for Clinicians liko juu sana kwa sababu ya makala zake za takwimu za saratani zinazonukuliwa na kila mtu, hilo halisemi lolote kuhusu makala yako. Badala yake chagua makala tano, eleza kwa sentensi mbili ulifanya nini katika kila moja, na kama imetajwa kwenye mwongozo wa tiba ya saratani wa NCCN (Marekani) au ESMO (Ulaya), andika toleo na sehemu ilipotajwa.