Namna ya kupima uaminifu wa ripoti ya hali ya hewa iliyoandikwa melini

Kabla ya kukagua ripoti hizi niliziandika mwenyewe kwa miaka, zamu ya usiku wa manane ikiwemo, kwa hiyo najua uvivu wake.

Anza na mahali. Chora njia ya meli kwenye ramani. Ikiwa ndani ya saa sita imekwenda maili 400, au imetia nanga jangwani, mara nyingi ni mtu aliyeandika magharibi badala ya mashariki. Sahihisha, usiitupe.

Upepo unahitaji shaka zaidi. Meli ikienda noti 15 (maili 15 za baharini kwa saa) huku upepo wa noti 15 ukitoka tezi, yaani nyuma ya meli, kipimo cha mlingotini kitaonyesha shwari, na asiyeondoa mwendo wa meli ataandika hivyohivyo. Linganisha upepo na bahari iliyoelezwa: noti 35 haziendi na maji laini, isipokuwa upepo umeanza punde au nchi kavu iko karibu upande wa joshini, unakotoka upepo. Na ukiona upepo ni nusu au maradufu ya wa meli jirani, shuku kwamba mtu amechanganya noti na mita kwa sekunde, kwa maana mita 1 kwa sekunde ni karibu noti 2.

Mgandamizo wa hewa ndio nimeuharibu mimi. Safari nzima nilisoma kipimahewa kilichokuwa kama mita 24 juu ya maji bila kurekebisha. Kila mita 8 hupunguza takriban milibari 1, basi namba zangu zote zilikuwa chini kwa 3. Mkaguzi alizilinganisha na za meli jirani kwa wiki kadhaa, akaona pengo halibadiliki, akaongeza 3 na kuzitumia zote. Pengo linalorukaruka halina dawa.

Ninazoziogopa ni namba nadhifu. Katika tropiki, siku tulivu, mgandamizo hupanda kuelekea saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, hushuka karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Meli inayoleta namba ileile siku nzima inanakili batli, yaani daftari la safari, ya jana.

Joto la hewa la mchana lipokee kwa tahadhari, sitaha ya chuma huwaka. La usiku ni bora. Kwa joto la maji, uliza kama yalichotwa kwa ndoo au yalipimwa yakiingia kwenye injini, ambako mara nyingi husomeka juu kidogo. Kipimajoto chenye kitambaa kibichi hupozwa na maji yanayokauka, basi kikisoma juu kuliko kikavu, futa namba zote mbili.