SOMO: Kusasisha Acrobat Reader kwenye kompyuta za steshenari, na kuhakikisha sasisho limekaa

Wakuu, nimechoka kujibu hili mmoja mmoja inbox. Naandika mara moja, someni hadi mwisho kabla ya kuuliza.

Tarehe 12 Septemba 2023 Adobe walitoa sasisho la kuziba tundu la usalama namba CVE-2023-26369 kwenye Acrobat na Reader, programu zao za PDF, za Windows na za Mac. Walisema wenyewe kwamba lilikuwa limeshatumika kwenye mashambulizi machache. Ukifungua PDF iliyotengenezwa kwa hila, msimbo wa mshambuliaji unaendeshwa kwa ruhusa zako wewe uliyefungua. Toleo 23.003.20284 kurudi nyuma lote lina tundu hilo, na wale wa mkondo wa 2020 ni 20.005.30516 kurudi nyuma. Masasisho mengi yametoka tangu hapo, lakini bado nakuta kompyuta za steshenari zina toleo linaloanza na 19. Hizo ndizo zinazopokea flashi za mtaa mzima: CV, fomu za mkopo, barua za maombi ya kazi.

Hatua ya 1. Funga PDF zote.

Hatua ya 2. Fungua Reader, bofya "Help", kisha "About". Namba ya toleo iandike kwenye karatasi.

Hatua ya 3. Rudi "Help", bofya "Check for Updates", subiri imalize.

Hatua ya 4. Kama una kompyuta nyingi, usiunguze bando kwa kila moja. Kisakinishi kamili ni mamia ya MB. Kipakue mara moja kutoka tovuti ya Adobe, ukibebe kwenye flashi. Kabla ya kukifungua, bofya kitufe cha kulia cha mausi, "Properties", kisha "Digital Signatures". Usipoona Adobe Inc. hapo, kifute.

Hatua ya 5. HAPA NDIPO NILIPOKOSEA. Kafe nyingi zina Deep Freeze, ile inayorudisha kila kitu kama kilivyokuwa ukiwasha upya. Nilisasisha kompyuta 11 za kafe moja, kuanzia saa mbili usiku hadi karibu saa sita. Kila moja niliona namba mpya kwa macho yangu. Nikawaambia vijana wa kaunta sasa wafungue PDF za wateja bila wasiwasi. Wiki tatu baadaye nikapita pale, nikabofya "About": namba ya zamani. Zote 11. Sasisho lilifutika usiku ule ule zilipozimwa, na kwa wiki tatu vijana walifungua kila kitu kwa sababu mimi niliwaambia wako salama. Yule dubu mdogo kwenye kona karibu na saa, ambaye ndiye alama ya Deep Freeze, nilikuwa namwona muda wote.

Kwa hiyo: shikilia Shift, bofya dubu mara mbili, weka nenosiri la msimamizi, chagua "Boot Thawed" (imeyeyuka, yaani mabadiliko yanabaki), washa upya. Ndipo usasishe. Ukimaliza, pamoja na hatua ya 6, gandisha tena, usiache kompyuta ya wateja imeyeyuka. Kisha washa upya mara nyingine na usome namba. Namba uliyoiona kabla ya kuwasha upya usiihesabu.

Hatua ya 6. "Edit", "Preferences". Kwenye "Security (Enhanced)" hakikisha "Protected Mode", ile inayoizuia Reader isiguse kompyuta nzima, imewashwa. Watu huizima printa ikisumbua, wakasahau kuirudisha. Kwenye "JavaScript", yaani msimbo unaoendeshwa ndani ya PDF, ondoa tiki. Fomu chache zinazojipigia hesabu zitagoma. Irudishe kwa fomu hiyo tu.

MASWALI

Kibonge_Toner: Mkuu kwangu inagoma, msaada tafadhali.

Mwandishi: Inagoma vipi? Leta namba ya Windows, namba ya Reader, na maneno yaliyotokea kwenye skrini.

Kibonge_Toner: Windows 7. Reader XI. Imeandika mambo mengi sikusoma.

Mwandishi: Reader XI iliachwa tarehe 15 Oktoba 2017, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Reader ya sasa haikai humo. Mashine hiyo itoe kwenye intaneti, mafaili ya wateja fungulia nyingine.

Kibonge_Toner: Lakini nina antivirus.

Mwandishi: Antivirus haizibi tundu la Reader. Soma tena aya ya pili.

DadaWaFotokopi: Samahani kaka, naomba kuelewa. PDF ni karatasi ya kusoma. Inawezaje kuendesha kitu?

Mwandishi: Swali zuri dada. PDF si picha ya karatasi. Ndani yake mna fonti, picha zilizobanwa, hata JavaScript, na kila kimoja Reader lazima ikifungue. Inatenga nafasi kwenye kumbukumbu, tuseme ndoo ya lita kumi. Faili la hila linaifanya imimine ishirini, na kinachomwagika kinaangukia sehemu zinazoiongoza programu yenyewe. Mshambuliaji anapanga kitakachoangukia pale. Tundu hili la 2023 ni la aina hiyo. La Februari 2009 lilikuwa kwenye JBIG2, njia ya kubana picha za skana. Adobe walitangaza tarehe 19 na sasisho la Reader 9 likatoka tarehe 10 Machi.

DadaWaFotokopi: Kumbe hata skani! Na simu je?

Mwandishi: Hata simu. Mwaka 2021 JBIG2 hiyo hiyo ilitumika dhidi ya iPhone: PDF zilizovalishwa jina la .gif zikitumwa kwa iMessage, mwenye simu habofyi chochote. Watafiti wa Citizen Lab ya Toronto ndio waliozigundua, Apple wakaziba kwenye iOS 14.8, mfumo wa iPhone, tarehe 13 Septemba. Sasisha na simu.

Fundi_Mwanza: Mimi nafungulia kwenye Firefox, niko salama?

Mwandishi: Kama unaisasisha. Kisomaji chake cha PDF kilikuwa na tundu lake, CVE-2024-4367, likazibwa kwenye Firefox 126 Mei 2024.

Fundi_Mwanza: Sawa mkuu. Nje ya mada: PDF inatoka na herufi za ajabu kwenye printa.

Mwandishi: Dirisha la kuprinti, "Advanced", weka tiki "Print As Image". Itakuwa polepole lakini itatoka.

DadaWaFotokopi: Hiyo imenisaidia na mimi, fomu za shule zilikuwa zinatoka visanduku.

Kafe_Tisa: Nimefanya zote tisa. Nane ziko sawa, moja namba imerudi ile ya zamani.

Mwandishi: Dubu yupo kwenye kona?

Kafe_Tisa: Yupo. Hii ilikuwa ya kaunta, nilidhani haina.

Mwandishi: Rudi hatua ya 5. Na hiyo ya kaunta ndiyo inayopokea flashi zote, anza nayo leo kabla hujafungua kafe.