Mabua ya urea: jinsi ya kulisha ng'ombe wasikonde sana wakati wa ukame

Juzi nimeshinda kwa shemeji siku mbili, ng'ombe wake mbavu zinahesabika na huku stoo imejaa mabua makavu. Anashangaa wanakula mpaka tumbo linajaa lakini bado wanakonda. Ni kwamba mabua protini yake ni kama asilimia 3 au 4 tu, na vijidudu vya tumboni vinavyomsaidia ng'ombe kusaga vinataka angalau 7 hivi, chini ya hapo chakula kinakaa tu tumboni. Pengo hilo ndilo tunaloziba kwa kuyatia mabua urea, hivi:

1. Usingoje akonde kabisa. Pima kifua kwa tepu, nyuma ya miguu ya mbele, kila baada ya wiki mbili, uandike. Ng'ombe unayemuona kila siku huwezi kujua amepungua kiasi gani kwa macho.

2. Katakata mabua. Panga inatosha.

3. Kuchanganya. Hapa tulia kabisa. Mabua kilo 100, urea kilo 4, maji lita 50. Urea ni ile ya mbolea yenye nitrojeni asilimia 46, usichukue mbolea nyingine nyeupe eti zinafanana. Pima kwa mizani, mambo ya kopo na kukadiria mimi siyataki kabisa. Halafu koroga mpaka iyeyuke YOTE, narudia yote, kwa sababu mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na haraka punje zikabaki chini ya ndoo nikazimwaga kwenye tabaka la mwisho, mtamba mmoja akala hapo, akaanza kutetemeka na kutoa mate, tumbo likajaa, na kabla daktari hajafika alikuwa ameshakufa. Bado inaniuma. Tangu siku hiyo nakoroga, naacha kidogo, nakoroga tena, kisha naingiza mkono hadi chini kuhakikisha hakuna punje, ndio namwagia. Tandaza mabua tabaka jembamba juu ya turubai, nyunyiza kwa keni ya bustani (ndoo inalowesha sehemu moja tu), geuza, kanyaga, weka tabaka lingine. Na hayo maji ya urea usiyaache wazi hata dakika moja, ng'ombe mwenye kiu akiyanywa ndio basi. Ukiona dalili hizo nilizotaja mwite daktari wa mifugo hapo hapo, usisubiri asubuhi.

4. Funika kwa nailoni hewa isipite, wiki 3. Ukisikia harufu kali nje ujue panavuja, ziba. Usifungue kuchungulia, kila ukifungua ile gesi ya urea (amonia) inayolainisha mabua inatoroka.

5. Kulisha. Toa ya siku moja, tandaza usiku kucha mpaka ile harufu ya kuchoma macho ipungue, ndio uwape asubuhi. Siku za kwanza kidogo sana ukichanganya na mabua ya kawaida, ongeza polepole kama wiki mbili. Ng'ombe aliyeshinda njaa mpe kwanza mabua ya kawaida, asikutane na haya tumbo likiwa tupu. Ndama chini ya miezi 6 wasile kabisa, punda na farasi pia. Penye ukungu tupa.

Maji yawepo muda wote, na chumvi ya kulamba. Kama una majani ya miti jamii ya kunde, lusina kwa mfano, wape kwanza wanaonyonyesha na wenye mimba kubwa, hao ndio wanaoisha haraka.